Chungu cha tatu: shajara ya jiko la Kifilipino na Kihindi, Maskati

Ijumaa, 3 Oktoba

Leo tumekubaliana, sisi watatu, na mama yangu akiwa wa nne. Tutapika vyakula kumi ambavyo Ufilipino na India wanakutana ndani yake, tuviandike kwa Kiswahili kwenye kijitabu, kisha tarehe 19 Desemba tuwalishe majirani wa jengo, watu kama thelathini. Kalamu nimepewa mimi kwa sababu ndiye ninayeshinda nyumbani. Napika vyakula vya oda hapa Ruwi. Wenzangu ni wauguzi, na zamu zao leo usiku, kesho asubuhi.

Mmoja anatoka Iloilo, katika kisiwa cha Panay. Sote tunamwita Ate, neno la kwao la dada mkubwa. Wa pili ni wa Kottayam, Kerala, kusini mwa India. Yeye ni Chechi, maana ni ile ile kwa Kimalayalam. Mama yangu ana majina mawili siku hizi: Ate humwita Nanay, Chechi humwita Ammachi, naye huwajibu wote "mwanangu", kwa Kiswahili cha Unguja ambacho hakuna hata mmoja aliyekisomea na wote wawili wanakielewa.

Chanzo cha yote ni kibakuli cha papai bichi. Mwezi uliopita Ate alimletea mama kitoweo cha pembeni cha kwao: papai bichi limekunwa nyuzi nyuzi, karoti, tangawizi, pilipili hoho na zabibu kavu, vyote vimelala ndani ya siki na sukari. Mama akaonja, akasema, "Hii si achari?" Ate akashtuka. "Nanay, nani amekwambia jina lake?" Kwao inaitwa atchara. Chechi alikuwa mlangoni anavua viatu, akaingia na kusema nyumbani kwao nao ni achar. Neno lenyewe ni la Kiajemi. Likaingia India, kisha likashika bahari pande zote mbili, upande mmoja likafika kwetu Unguja, upande wa pili likafika Manila. Mitungi yake haifanani hata kidogo. Achari ya Chechi ni ya embe bichi, mafuta ya ufuta, haradali, uwatu na pilipili ya kuunguza. Ya Ate ni tamu na chachu, na papai lenyewe ni tunda la Amerika lililoletwa na Wahispania. Jina limebaki, kilichomo kimebadilika.

Hapo ndipo tulipopata sharti la mradi. Chakula hakiingii kitabuni mpaka kiwe na kiungo ambacho pande zote mbili walikuwa nacho kabla yetu: neno, tunda, chombo au namna ya kupika. Kuchukua chakula cha Kifilipino na kukimwagia bizari hakuhesabiki.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumeanza na chepesi: chooko, au choroko kwa wa bara, pojo kwa wa Mombasa. Kihindi ni mung, Kifilipino ni munggo. Ate anasema Ufilipino hiki ni chakula cha Ijumaa, desturi iliyotokana na Wakatoliki kuacha nyama Ijumaa za Kwaresima, ikabaki hata Kwaresima ikipita.

Vikombe viwili vya chooko, maji vikombe vinane, moto wa wastani kama dakika hamsini mpaka zipasuke. Ate huanza na kukaanga thomu, kitunguu, tungule na kamba wadogo, kisha chooko zilizoiva ndiyo zinamiminwa juu. Huko kukaanga kwa mwanzo wanakuita gisa. Chechi hufanya kinyume: chooko huiva zenyewe, halafu mwisho kabisa hupasha mafuta ya nazi, hutia haradali, pilipili kavu na majani ya mchuzi, na mafuta hayo yakilia huyamwaga juu ya chungu. Tulibishana nani aache njia yake. Mama akauliza kwa nini mtu aache. Basi tumefanya zote mbili, gisa chini na mafuta ya haradali juu, na chakula kimekubali mara moja.

Mwisho yanaingia majani. Ate anayaita malunggay, Chechi muringa, mama mlonge. Ni mti mmoja, asili yake ni chini ya milima ya Himalaya, India ya kaskazini-magharibi. Mama aliyashika yale majani, akayachambua kwa vidole viwili kuanzia ncha ya kijiti kwenda shina, sawasawa kabisa na Chechi aliyekuwa amekaa mbele yake. Hawakuangaliana. Niliona mimi.

Chakula cha kwanza kimepita.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kare-kare. Hiki ndicho nilichokuwa nakisubiri, na ndicho kilichoniangusha.

Kwa asiyekijua: ni mkia wa ng'ombe na utumbo, vimechemshwa saa tatu au zaidi mpaka nyama iachane na mfupa. Mchuzi unafanywa mzito kwa karanga zilizosagwa na mchele uliokaangwa mkavu kisha ukatwangwa. Rangi ya machungwa inatoka kwenye achuete, zile mbegu nyekundu zinazowekwa kwenye mafuta ya moto mpaka zitoe rangi. Mboga ni biringani, maharage marefu ya kijani, kabichi ya Kichina na ua la mgomba. Pembeni inakaa bagoong, kamba wadogo sana waliochachushwa kwa chumvi.

Jina linasema lenyewe: kari, mara mbili. Nami kwa kuona neno kari nikajiona nina ruhusa. Nikatia vijiko viwili vya garam masala na kimoja cha giligilani. Dakika kumi baadaye jiko zima likanuka karafuu. Karanga zikapotea. Rangi ile nzuri ikawa ya udongo. Ate alikula kijiko kimoja, akakilaza kijiko ukingoni mwa sahani kwa upole, akasema, "Tamu. Lakini mama yangu asingejua ni nini hiki."

Nimevunja sharti letu wenyewe wiki ya tatu tu. Mkia wa ng'ombe si rahisi, na kilo mbili zimekwenda.

Ijumaa, 24 Oktoba

Wiki nzima nimesoma kabla ya kugusa chungu tena.

Mwaka 1762, wakati wa vita vya Uingereza na Hispania, meli za Kiingereza zilitoka Madras, ambayo leo ni Chennai, chini ya William Draper na Samuel Cornish, na tarehe 6 Oktoba Manila ikaanguka. Ndani ya jeshi lile walikuwamo askari wa Kihindi kutoka upande wa Madras. Waingereza wakaondoka mwaka 1764, lakini baadhi ya askari wale hawakupanda meli. Wakabaki Cainta, mashariki ya Manila, wakaoa, wakazaa. Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba hao ndio waliotaka kari ya kwao, wakakosa viungo, wakapika kwa kilichokuwepo. Wapo wanaosema hapana, kare-kare ni ya Pampanga, mkoa unaosifiwa kwa wapishi wake.

Mimi nimeiangalia kwa jicho la mpishi. Karanga na achuete vyote ni vya Amerika, viliingia Ufilipino enzi za majahazi makubwa ya Kihispania yaliyokwenda na kurudi kati ya Manila na Acapulco kuanzia 1565 hadi 1815. Kwa hiyo hata kama mwenye hamu alikuwa Mtamil wa Madras, mkono wake ulishika vitu vya Amerika na mchele wa Luzon, kisiwa chenye Manila. Kare-kare ni kari iliyokwisha kuvuka. Kuirudishia garam masala ni kuilazimisha irudi ilikotoka.

Chungu cha pili nimejaribu kwa adabu zaidi: kidole cha manjano, tui jepesi badala ya nusu ya karanga. Hakikuwa kibaya. Mama alikisifu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu alikisifu kama mchuzi wa nazi wa kwetu. Hakijapita.

Jumamosi, 1 Novemba

Siku ya nazi. Chechi hakuwa na zamu, Ate alitoka saa mbili asubuhi akaja moja kwa moja bila kulala.

Mbuzi yangu ya kukunia nazi nilitoka nayo Unguja. Ate alipoiona akaikalia papo hapo, akakusanya sketi magotini, akaanza kukuna. Kwao ni kudkuran, kibao na meno ya chuma vile vile. Tulipofika kwenye kukamua ndipo tukapata neno la siku. Tui la kwanza, zito, Unguja tunaliita kasimile. Chechi analiita onnaam paal, maziwa ya kwanza. Ate analiita kakang gata, na kaka kwao ni ndugu mkubwa, mwanamume au mwanamke. Mama alilipenda hilo mno. Kutwa amekuwa akisema, "Nipe huyo kaka nimtie mwisho."

Na hapo kwenye "mwisho" ndipo pana tofauti ya kweli. Chechi na mama wana sheria moja: chakula kiive kwa tui la pili, la kwanza liingie mwishoni, likorogwe, lisichemke likakatika. Ate kwenye laing, majani ya majimbi ya watu wa Bicol, anataka likatike. Anangoja mafuta yapande juu, majani yawe laini kama siagi, na hakorogi, kwa sababu majani mabichi ya majimbi yakivurugwa mapema huwasha koo. Chechi naye kwao wanayajua majani haya na kuwasha kwake, ila dawa yao ni uchachu: ukwaju unaingia humo humo chunguni. Tumepika laing ya Ate, majani makavu, tangawizi, pilipili, tui mpaka likatike, tukaongeza maji ya ukwaju robo kikombe. Haikuwasha hata kidogo, na ule uzito wa mafuta ukapata kitu cha kuukata. Ate amesema kwao wangebishana naye kwa ule ukwaju. Lakini alijipakulia mara ya pili.

Chakula cha tatu kimepita, baada ya chooko na atchara.

Ijumaa, 7 Novemba

Siki. Hii naiandika kwa urefu kwa sababu nadhani hapa ndipo palipo moyo wa kitabu.

Watu wakitafuta kiungo cha Kihindi na Kifilipino hukimbilia viungo vikavu, na huko hawatapata kitu kingi. Ufilipino haupiki kwa bizari nyingi, ukiacha Waislamu wa Mindanao na Sulu. Wanapokutana kwa dhati ni kwenye mnazi uliogemwa. Mgema hupanda, hukata kilele cha kichipukizi, huning'iniza kibuyu, tembo la mnazi hutiririka. Ufilipino ni tuba, Goa, pwani ya magharibi ya India, ni sur. Likiachwa huchacha likawa siki, siki yenye harufu ya mkate na utamu mdogo nyuma ya ukali. Siki hii ndiyo inayopika adobo, nyama ya siki, ya Visayas, visiwa vya katikati ya Ufilipino, na ndiyo inayopika vindaloo ya Goa.

Vindaloo asili yake ni chakula cha Kireno cha nyama katika divai na vitunguu thomu. Wareno waliishika Goa mwaka 1510, na kwa kuwa divai ilikuwa shida, siki ya mnazi ikachukua nafasi yake. Pilipili wakaja nazo kutoka Amerika. Adobo jina ni la Kihispania, lakini Wahispania waliwakuta Wafilipino tayari wanapika kwa siki na chumvi, wakaliita kwa jina walilolijua. Kwa hiyo Ureno kule na Hispania huku, majina yakatoka Ulaya, siki ikatoka mnazini. Na sisi tunaokaa Maskati tunaziona ngome za Wareno hao hao kila tukishuka Mutrah. Walikaa hapa tangu 1507 mpaka walipofukuzwa 1650.

Mama aliposikia tembo aliweka kijiko chini. Tukazungumza. Yeye anajua kuliko sisi kwamba kilevi kikigeuka siki chenyewe hukumu yake hubadilika, na kwamba Mtume alisifu siki kuwa kitoweo chema. Alitaka tu kuhakikisha haina kitu kilichotiwa ili kuigeuza. Chechi akamsomea maandishi ya kwenye chupa, neno moja moja. Mama akasema bismillahi, tia.

Nyumbani kwangu nguruwe haingii, kwa hiyo tumetumia kuku wa mifupa, kilo moja na nusu. Nilichofanya ni hiki. Pilipili kavu nane za Kashmir, zile nyekundu sana zisizo kali, nimezilowesha kwenye nusu kikombe cha siki usiku kucha. Asubuhi nimezisaga na thomu nzima mbili, bizari nyembamba kijiko cha chai, pilipili manga kijiko cha chai, mdalasini kipande cha kidole. Hapo ni Goa. Kuku akalala humo saa tatu. Kisha tumempika Kifilipino: sufuria, majani mawili makavu ya laurel (bay leaf), sosi ya soya vijiko vitatu tu, siki nusu kikombe nyingine, na Ate akasimama kando ya jiko kama askari. Siki ikishaingia, hakuna kukoroga wala kufunika mpaka ichemke vizuri na ule ukali wa puani uondoke. Hiyo ni sheria ya nyumba zote za kwao. Niliinua mwiko, akanishika mkono.

Mchuzi ukakauka ukabaki mng'ao mwekundu unaoshika nyama. Ukali wa Goa upo, ila umekaa chini, juu yake kuna ile ladha nyeusi ya soya na laurel. Tulikula kimya. Chechi, ambaye hata Goa hajawahi kufika, alichovya mkate mpaka sufuria ikawa safi.

Tumeandika pia ya pili bila soya, kwa manjano, kwa sababu watu wa Batangas, Ufilipino, wana adobo yao ya manjano na hatukuwa na haja ya kubuni lolote.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo meza ilikuwa na vitu vitatu vyeusi na kimoja cha kijani.

Kudampuli ya Chechi: vipande vikavu vya tunda chachu vilivyopigwa moshi, vyeusi kama ngozi ya kiatu. Bila hivyo mchuzi mwekundu wa samaki wa Kottayam haupo. Ukwaju wa mama. Mbaazi za Ate, kadyos, ambazo kwao Iloilo ni nyeusi kuelekea zambarau na mchuzi wake huwa wa rangi hiyo. Na batwan, tunda dogo la kijani la Visayas, ambalo Ate alikuja nalo kwenye chupa limelala ndani ya maji ya chumvi.

Nilimwomba Chechi aonje batwan bila kumwambia chochote. Alifumba jicho moja kwa ukali wake, akasema, "Kudampuli bichi." Hakukosea sana. Yote mawili ni ya jamii moja ya Garcinia, ndugu waliokulia pwani mbalimbali.

Chakula cha Iloilo kinachoitwa KBL ni kadyos, baboy, langka: mbaazi, nguruwe, fenesi bichi, uchachu wa batwan. Wasiotaka nguruwe hutia kuku. Sasa angalia: mbaazi zilianza kulimwa India. Fenesi asili yake ni misitu ya Ghats Magharibi, nyuma ya mji wa Chechi. Uchachu wenyewe una ndugu yake Kerala. Chakula ambacho Ate anakiona cha Iloilo kuliko vyote, hakuna Mmalayali ambaye asingetambua kila kilichomo sufuriani. Wala hatukuongeza kitu. Tumepika cha Ate kama kilivyo, kwa kuku, na batwan ilipopungua tukamalizia kwa vipande viwili vya kudampuli vilivyosuuzwa na kuloweshwa. Ule moshi umeingia kwenye mbaazi vizuri mno. Kwangu hiki ndicho chakula bora cha mradi mpaka sasa.

Mama alikuwa ameushika ukwaju wake akiuliza wenyewe utapikwa lini. Nikamwambia kitu nilichokisoma: Waarabu waliuita tamr hindi, tende ya India, na ulimwengu ukafuata jina hilo, lakini mkwaju ni mti wa Afrika, ulikwenda India zamani sana. Kutoka huko ukaendelea mashariki. Ufilipino ni sampalok, na huchumwa ukiwa mbichi kwa ajili ya sinigang, mchuzi wao mchachu. Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mimi nami nina changu humu," akanyanyuka mwenyewe kupika sinigang ya samaki changu kwa ukwaju mbivu na figili, Ate akimwelekeza kutoka kwenye kiti.

Vyakula vilivyopita: sita, ukihesabu adobo zote mbili kuwa kimoja.

Jumatano, 19 Novemba

Mtungi mmoja wa atchara umeota ukungu. Kosa langu, niliujaza ukiwa na unyevu. Tumemwaga kilo mbili za papai. Mitungi mingine minne ni mizima. Kuanzia sasa kila mtungi unachemshwa na kukaushwa kwenye oveni kwanza, na papai likishatiwa chumvi linakamuliwa ndani ya kitambaa mpaka lisitoe tone.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvuke. Chechi alileta puttu kutti yake, bomba la bati la kupikia puttu, chakula cha unga wa mchele cha kwao, linalokaa juu ya chungu cha maji. Anatia nazi iliyokunwa chini, unga wa mchele mkavu uliolowanishwa kwa vidole, nazi tena, unga tena, mpaka juu. Zamani bomba lilikuwa la mwanzi.

Ate aliliangalia bomba lile muda mrefu. Kwao kuna puto za namna nyingi, nyingi ni vikeki vyeupe vya mchele uliochachuka. Lakini ipo moja, puto bumbong, ya mchele wa kunata wa zambarau, inayopikwa kwa mvuke ndani ya vijiti vya mwanzi na kuuzwa nje ya kanisa alfajiri katika zile siku tisa za ibada kabla ya Krismasi, 16 hadi 24 Desemba. Ikitoka moto hulazwa juu ya jani la mgomba, hupakwa siagi, hunyunyiziwa nazi na sukari guru. Kati ya Kerala na Manila wapo Waindonesia na putu yao, nayo ya mwanzi. Puttu, putu, puto.

Mchele wa zambarau hatukuupata. Tumechanganya mchele mweusi wa kunata na mweupe, kipimo kimoja kwa vitatu, tukalowesha usiku, tukasaga, tukakamua maji kwa jiwe juu ya kitambaa. Bomba la kwanza liliziba. Nilijaza kwa kushindilia, mvuke ukakosa njia, kifuniko kikaruka kikagonga dari. Chechi akanionyesha: unga unadondoshwa kama unamnyunyizia mtu maji ya marashi, haushindiliwi. La pili likatoka zima, zambarau iliyokolea, na mistari myeupe ya nazi, na mama akalisukuma kwa kijiti likateleza juu ya jani kwa mlio mdogo.

Ate alikula la kwanza amesimama. Ni mwaka wake wa sita bila kwenda nyumbani Desemba. Alisema nyumbani alfajiri hizo huwa na baridi kidogo, na mtu hulishika jani la mgomba kwa mikono miwili apate joto.

Chakula cha saba.

Ijumaa, 5 Desemba

Chungu cha tatu cha kare-kare.

Jibu lilikuwa mezani tangu siku ya kwanza, mimi nilikuwa naangalia chungu. Kare-kare yenyewe haina chumvi nyingi wala ukali. Imeachwa hivyo makusudi, kwa sababu kinachoizungumzisha ni kile kibakuli cha bagoong pembeni. Kila mlaji hujichotea apendavyo. Mwenye kujua pilau na achari, au wali na kachumbari, hahitaji kufafanuliwa.

Kwa hiyo chungu tumekiacha bila kukigusa, kama mama yake Ate anavyopika: mkia kilo mbili, saa tatu na nusu, karanga gramu 300 zilizokaangwa na kusagwa nyumbani, mchele vijiko vitano umekaangwa mpaka ukawa rangi ya chai, achuete vijiko viwili kwenye mafuta. Mboga kila moja imechemshwa peke yake. Ua la mgomba Chechi amelisafisha, maana kwao nalo huliwa, anajua kulichambua na kuliweka ndani ya maji ya chumvi lisiwe jeusi.

India tumeipeleka kwenye kibakuli. Watu wa Goa wana balchão, kamba waliokaangwa kwa pilipili nyekundu, thomu na siki ya mnazi mpaka wawe kama achari. Tumekaanga kitunguu kwa mafuta mpaka kikawa kahawia, tukatia pilipili za Kashmir zilizosagwa na siki, tangawizi, majani ya mchuzi kumi, kisha bagoong vijiko sita, sukari guru kijiko kimoja, moto mdogo mpaka mafuta yapande juu. Dakika ishirini.

Ate alichovya kipande cha utumbo kwenye karanga, akagusa kibakuli kwa ncha, akala. Hakusema chochote. Akavuta kiti, akakaa, akaomba wali.

Jumamosi, 20 Desemba

Jana tulilisha watu thelathini na wanne. Sufuria mbili za kare-kare zilikwisha kabla ya sala ya alasiri. Adobo ilibaki kidogo, nayo ikaondoka kwenye vikopo vya majirani. Puto bumbong tulishindwa kasi: bomba moja hutoa kipande kimoja kila dakika nane, na foleni ya watoto ilifika kwenye lifti. Chechi aliazima bomba la pili kwa mwenzake wa ghorofa ya chini. Cha tisa na cha kumi, baada ya kare-kare iliyokuwa ya nane, vilikuwa bibingka, keki ya mchele ya kwao Ate, na laddu za chooko, na sina mengi ya kuvisema; bibingka iliungua chini kwa sababu oveni yangu haina moto wa juu, na wanawake wa Unguja waliokuwepo wote waliniambia kwa nini sikuweka makaa juu ya kifuniko, kama mkate wa kumimina. Nitarudia.

Yaliyobaki kabla ya kupeleka kijitabu kwa mchapaji: vipimo vya bibingka upya kwa makaa, picha ya batwan, na kuhakiki tahajia ya maneno ya Kimalayalam na Chechi. Achuete imekwisha kabisa. Ate amepata likizo, anaondoka tarehe 22 kwenda Iloilo na atakuwa nyumbani alfajiri mbili za mwisho. Mama amempa mtungi wa achari ya ndimu ampelekee mama yake, umefungwa kwa nailoni mara tatu na kuandikwa juu, kwa kalamu nyekundu, ATCHARA.